Naomba ushauri: kujiundia ndege ndogo ya jeti

Ndugu wanachama, nina leseni ya kurusha ndege ndogo za propela, na sasa nafikiria kujiundia ndege ya jeti ya kiti kimoja. Iliyoniteka tangu zamani ni BD-5J ya mbunifu wa ndege Jim Bede, iliyotokana na BD-5 ya miaka ya 1970, ambayo mabawa yake ni mafupi mno na rubani huketi kama aliyejinyoosha, miguu ikiwa mbele puani mwa ndege. Lakini sifa yake ya kutosamehe makosa inanitia wasiwasi. Kwa hiyo naelekea kwenye SubSonex, jeti nyingine ndogo ya kiti kimoja ya kujiundia, yenye mkia wa umbo la V na injini ya PBS TJ100 iliyofungwa juu ya mgongo.

Kinachonikwaza ni injini yenyewe: jeti ndogo hunywa mafuta kwa pupa, hasa ikiruka chini, na huchelewa kuitikia rubani anapohitaji nguvu ghafla wakati wa kutua. Je, waliozirusha walijizoezaje kabla ya kuruka mara ya kwanza, ilhali hakuna kiti cha mwalimu? Na je, ni busara kununua injini iliyotumika, iwapo kumbukumbu zake za matengenezo zimekamilika? Hata anayeona nibaki na propela, tafadhali aseme bila kunionea haya.