WATOTO WA KAMBO 🌳🌳

*Jumamosi*

Tantine Béa 07:12
Jambo yenu. Nakumbusha mara ya TATU. Vijana wa Liège, kule Ubelgiji, wanafika tarehe 4 mwezi wa saba. Beko wanane, miaka 16 mpaka 18, na walezi wawili. Wiki moja hapa mjini Lubumbashi na vijana wa parokia, wiki moja ku shamba ya Kambo, mzee wetu, njia ya Kasenga. Kulala pori, kujua miti, kupika na kuni, simu hapana. Mwaka kesho batoto betu sita njo wataenda kwao. Jina letu nilisha kutoa. Nangoja: nani turubai, nani unga, nani lori?

Tantine Béa 07:31
Naona alama ya bluu. Watu 19 mulisha kusoma.

Chouchou 08:40
👍

Tantine Béa 08:40
Hiyo kidole ni unga ao ni turubai?

Junior 09:05
Tantine, mwezi wa saba wataona nini? Vinkubala, vile viwavi vya kula, hakuna, uyoga hakuna, matunda ya masuku hakuna. Nyasi zimeungua. Miombo inatoa yale majani mekundu mwezi wa tisa, mvua inakuja nyuma yake. Na ile baridi ya usiku kule!

Tantine Béa 09:07
Shule zao zinafungwa mwezi wa saba. Unataka niandikie mfalme wa Ubelgiji ahamishe likizo?

Gloire 09:11
Na sisi tukifika kwao tunapanda mlima gani?

Junior 09:14
Signal de Botrange. Ndio mrefu kuliko yote Ubelgiji. Mita 694.

Gloire 09:14
Lubumbashi tuko mita 1,200 na kitu. Kwa hiyo tutashuka ndege ili tupande mlima ulio chini yetu 😭😭

Tonton Lambert 09:20
Hao wazungu wapandishe juu ya kichuguu cha Kambo. Wapige picha, waandikie wazazi wao wamefika Himalaya

Junior 09:26
Tonton, usicheke. Vichuguu vya huku vilipimwa umri, kimoja kikakutwa kimezidi miaka 2,000. Mchwa walianza kujenga Yesu bado hajazaliwa. Hiyo peke yake ni somo la siku nzima.

Tonton Lambert 09:28
Matofali ya nyumba yangu yalitoka kwa kile cha upande wa mto. Kumbe ninalala mu makumbusho

Mama Grâce 09:28
😂😂😂

Tantine Béa 09:30
TURUBAI. UNGA. LORI.

Yaya Dodo 12:31
Lori muulize Tonton Lambert. Anajua zinapita wapi kule.

Mama Grâce 12:33
Dodo, tafazali.

Yaya Dodo 12:37
Nini? Tunaita batoto ba watu kuwaonyesha pori. Pori gani? Miti ya mukula, ile ya mbao nyekundu, yote iliondoka 2016. Iliyobaki ikawa makala. Mtoto akiuliza mukula iko wapi, Tantine atajibu iko Uchina, ilisha kuwa kabati?

Tonton Lambert 12:52
Ule mwaka nani alilipa hospitali ya Kambo? Nani alilipa minervali yako, feza ya masomo, ya mwaka wa pili? Umeme ukikatika ninyi wote munawasha mbabula. Makala inatoka mbinguni?

Yaya Dodo 12:54
Hospitali dola ngapi, na lori ngapi. Tuhesabu hapa, mbele ya wote.

Tonton Lambert 12:55
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Gloire 12:56
Tonton, mimi nilisha kuusoma 😶

Papa Fifi 14:10
Jambo familia. Lori ni ya nini?

Simu ya Kambo 15:48
🎤 1:52

Tantine Béa 15:50
Yangu inakataa kufunguka. Nani aandike?

Chouchou 16:02
Naandika vile amesema. "Béa, uliahidi nyumba ya mtu bila kubisha mlango. Ile shamba si ya parokia, na si ya Lambert. Batoto baje, nitawasongea bukari. Lakini hakuna mtu atakata hata tawi moja juu ya moto wa kucheza. Kuni wataokota. Na Lambert njo atawatembeza. Atawaonyesha kisiki kwa kisiki: huu ulikuwa mti gani, alinunua nani. Yeye anavijua vyote." Halafu anakohoa. Halafu anauliza kama bado tunamsikia.

Tantine Béa 19:40
Tumesikia Kambo. Aksanti.

Tantine Béa 19:40
@Tonton Lambert

Junior 20:03
Visiki vya miombo vinachipua, si kama vimekufa. Vingine tangu 2016 machipukizi yamempita mtu urefu. Vijana wanaweza kuvipima na kuandika. Hiyo kazi haingoji mvua.

Papa Gloire 21:15
Mimi unga. Mfuko moja.

Tantine Béa 21:16
Mfuko moja, watu zaidi ya 20, wiki nzima. Haya. Turubai? Na muwaambie wale wa parokia kadi ya homa ya manjano ni ya wageni, si ya ninyi, musinipigie tena simu.

Yaya Dodo 21:22
Wale sita wa kwenda ni nani na nani?

Tantine Béa 21:24
Hiyo tutaongea.

Yaya Dodo 21:24
Ahaa.

Tonton Lambert 22:48
Kile kisiki cha karibu na kaburi ya Papa, si mimi nilikata.

Tantine Béa 22:51
Tonton, na lori?