Kichanga mgonjwa: akimbizwe mara moja au atulizwe kwanza?

Jaja wa Busia: Wenzangu, naomba tusifichane. Mwaka juzi mjukuu wangu alizaliwa wa miezi saba katika kituo kimoja cha afya huku kwetu. Mdogo, lakini alilia. Ambulensi ikapatikana upesi, tukatoa pesa ya mafuta, nikapewa mtoto kafungwa kitenge nimpakate, tukashika njia ya Tororo kwenda Mbale. King'ora juu, dereva hodari, lakini ndani hamna musawo, yaani mhudumu wa afya, hata mmoja. Mamake kabaki kitandani na mshono. Tulipofika, muuguzi akamtia kipimajoto kwapani: 33.8. Hata barua ya rufaa hakuitazama. Aliniuliza, "Kofia yake iko wapi?" Kesho yake tukarudi na maiti. Mimi nasema mbio zile ndizo zilizomponza. Bora wangemtuliza palepale kwanza, hali yake ikae sawa. Mnasemaje?

Boda Malaba: Pole sana, Jaja. Lakini kituo hakina oksijeni, daktari hayupo, umeme umekatika. Huyo mtoto atatulizwa na nini? Nimebeba wajawazito saa nane usiku hadi nimeacha kuhesabu. Kungoja kunaua. Gari likiwapo, pakia, ondoka.

Zamu ya usiku, Jinja: Chumba cha vichanga ndiko ninakoshinda. Boda, sikatai kuondoka. Ninachokataa ni kumpakia mtoto aliyekwisha kupoa. Joto likishuka chini ya 36.5 anaanza kutumia sukari yake kujipasha, na njiti akiba hana. Sukari ikiisha anakatika pumzi, tena kimyakimya, na wewe uliyempakata unadhani kalala. Wengi nawapokea hivyo: midomo ya bluu, miguu kama samaki wa barafu.

Sasa, kutuliza si lazima umeme. Mkaushe, mvishe kofia na soksi, muweke kifuani ngozi kwa ngozi, kitenge juu, uso uwe wazi uone anavyopumua. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri njiti aanzishiwe kangaruu, yaani hiyo ya kifuani ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa, asingojewe hadi apate nafuu. Isipokuwa aliyeshindwa kupumua mwenyewe au aliye kwenye mshtuko. Hiyo kazi ni ya dakika chache tu. Halafu mtupigie simu! Mnatuletea mtoto wa nne wakati mtungi mmoja wa oksijeni tayari unagawiwa watatu.

Dereva mstaafu, Arua: Simu, ndiyo, ila na hesabu. Mtungi wa lita 340 ukiufungulia lita 2 kwa dakika, haumalizi saa 3. Arua hadi Kampala ni kilomita kama 480. Niliwahi kuambiwa niondoke na mtungi wa namna hiyo, tena ulikwisha kutumika. Niligoma, nikaitwa mkaidi.

Mwalimu, Bombo: Mnabishania gari, mimi nauliza kwa nini mtoto alizaliwa pale. Uchungu wa miezi saba, presha, chupa kupasuka mapema, hizo ni dalili za kumhamisha mama mtoto angali tumboni. Hakuna ambulensi yenye joto kama lile. Uganda yetu imepiga hatua: mwaka 2016 tulipoteza vichanga 27 katika kila 1,000 waliozaliwa hai, mwaka 2022 wakawa 22. Hao 22 nadhani wengi wako hapo, kati ya kituo na hospitali.

Boda Malaba: Mwalimu, hilo liseme Kalangala kule visiwani, feri ina saa zake na uchungu hauna. Haya, kofia nakubali. Lakini musawo akipanda gari, kituoni anabaki nani na wanaojifungua?

Zamu ya usiku, Jinja: Hapo umenishika. Usiku mara nyingi yuko mmoja.

Jaja wa Busia: Muuguzi, hicho kifua lazima kiwe cha mama?

Zamu ya usiku, Jinja: Hapana, Jaja. Hata cha baba. Hata chako.

Jaja wa Busia: Hakuna aliyeniambia. Njia nzima nilikuwa nimevaa sweta.