Tupeane uzoefu: Ulipoulizwa "wewe ni dini gani?" ugenini, ulijibu nini?

Binti Pangani

Wakuu habari zenu, na shikamooni mlionizidi umri.

Jambo hili ninalo kifuani tangu Agosti 2024. Leo nimeona niliweke hapa, maana naamini halijanipata mimi peke yangu. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee huku Yorkshire Kusini, Uingereza. Jina langu la kwanza ni la Kiislamu, nilipewa na bibi mzaa baba, mtu wa Pangani. Mama ni Msambaa wa Lushoto, Mlutheri, nami nimebatizwa na kupata kipaimara huko huko. Kwetu Tanga hilo halikuwa na mjadala. Idd tunakula kwa baba mkubwa, Krismasi baba mkubwa na wanawe wanakuja kwetu, na mama huita kijana wa jirani achinje kuku ili wageni wale bila wasiwasi. Hata sensa ya Tanzania haijauliza dini tangu ile ya mwaka 1967. Huku sensa inauliza.

Mnakumbuka ilivyoanza. Tarehe 29 Julai 2024 watoto watatu wa kike waliuawa kwa kisu kwenye darasa la dansi mjini Southport. Mara mtandaoni pakazagaa kwamba muuaji ni Mwislamu aliyeingia kwa boti kuomba hifadhi. Ulikuwa uongo. Kijana yule alizaliwa Cardiff, wazazi wake walitoka Rwanda, na boti yoyote hakuipanda. Lakini uongo ulishatangulia: kesho yake msikiti wa Southport ukapigwa mawe, na Jumapili tarehe 4 Agosti watu wakajaribu kuichoma moto hoteli karibu na Rotherham, ndani mna waomba hifadhi. Hapo si mbali na ninapokaa.

Jumanne yake niliingia zamu ya mchana. Nilikuwa namlisha supu bibi mmoja ambaye mikono yake inatetemeka, hawezi kushika kijiko. Mwanawe wa kiume amekaa pembeni, anasoma kile kitambulisho changu cha kifuani. Akakisoma mara mbili. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, wala hakufoka: "Kwani wewe ni Mwislamu?"

Kijiko kilikuwa hewani. Nikasema hapana, tena haraka, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Akatabasamu, akasema "afadhali," akarudi kwenye simu yake.

Sikusema uongo, mimi ni Mkristo. Lakini lile "afadhali" lilinikaba. Baba yangu hakosi swala, na ada yangu ya shule aliilipa kwa nazi, gunia baada ya gunia. Nilijiona nimemkana mbele ya mtu nisiyemjua, ili nimalize zamu yangu kwa amani. Usiku baba akapiga simu, amesikia redioni kuna fujo. Nikamwambia huku ni shwari. Ya kijiko sikumwambia.

Naomba tusilete ushabiki wa vyama vyao. Leta kilichokutokea wewe: uliulizwa nini, ulijibu nini, na jibu lilikugharimu nini.

Mke wa Mngazija

Assalaam alaykum, na salamu kwa wote. Mwanangu pole, hilo la kijiko limenichoma.

Mie mtu wa Ng'ambo, Unguja. Mume wangu Mngazija, tuko Marseille mwaka wa kumi na saba, na Wangazija hapa ni wengi mno, ukipanda basi husikii kama uko Ulaya. Huku Ufaransa hawakuulizi wewe kwa mdomo, wanakiuliza kitambaa chako. Sheria ya 2004 imekataza kwenye shule za serikali kila alama inayoonyesha dini waziwazi. Binti yangu mtandio anauvua langoni kila asubuhi, anaukunja mara nne, anautia mfuko wa mbele wa begi. Alizoea, na mie nkazoea, ingawa siku za mwanzo nlikuwa nageuza uso nisione.

Agosti 2023 ikatoka amri nyengine, abaya nayo marufuku. Shule zikafunguliwa Septemba, na mwanangu akaenda na dera. Dera hasa, la maua ya manjano, nlilinunua Darajani tulipokwenda nyumbani. Wakamzuia langoni, nkapigiwa simu niende.

Nlipofika mwalimu akaniuliza, hii ni nguo ya dini? Nkamwambia hili ni dera. Kwetu analivaa Mwislamu na Mkristo, analivaa muuza samaki na mke wa mheshimiwa, na wengi wetu tunapikia nalo. Akasema, lakini ni refu na pana. Nkamuuliza, na akija nalo msichana wa Kifaransa, hili hili, utamrudisha? Akanyamaza. Wallahi hakuwa mtu mbaya yule, alishika waraka mkononi na hajui autumie vipi. Ila mwanangu alifahamu siku ile kuwa kilichotazamwa ni jina lake na uso wake, dera limesingiziwa tu.

Jioni akaniuliza, "Mama, sie hapa ni nani?" Nlikosa la kumjibu. Nkamwambia njoo tule.

Dera amelitundika nyuma ya mlango wa chumba chake mpaka leo. Halivai, na hataki nilifue.

Mwalimu wa Mpakani

Hamjambo. Mimi ni Mkenya, Mluhya wa Kakamega, Mkristo. Hilo swali mimi nilianza kuliogopa nikiwa kwetu, kabla sijajua ndege inapandwaje.

Nilifundisha shule ya msingi Mandera, mpakani na Somalia. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilisimamishwa na Al-Shabaab. Wasio Waislamu wakatengwa, walioshindwa kusema shahada wakauawa. Watu 28. Walimu walikuwemo, shule zimefungwa, wanaenda nyumbani kwa likizo ya Desemba. Mimi nilikuwa nimepanga kusafiri wiki hiyo hiyo, ni homa iliyonizuia. Sikurudi kufundisha kule tena. Aprili iliyofuata ikawa Garissa, chuo kikuu, watu 148, na swali ni lile lile: wewe ni dini gani?

Sasa nisikilizeni na hili, kwa sababu halisimuliwi sana. Desemba 2015, basi lingine, karibu na El Wak. Wakaambiwa tena Waislamu kando, Wakristo kando. Safari hii abiria Waislamu walikataa. Akina mama waliwapa wenzao hijabu wajifunike wasitambulike. Mwalimu Salah Farah, naibu mwalimu mkuu, Mwislamu, alipigwa risasi hapo na akafariki Januari 2016 akiwa hospitalini. Serikali ilimtunuku nishani baada ya kifo chake. Mimi ningependa kila mtoto wa Kenya ajue hilo jina.

Leo niko Minneapolis, naendesha basi la shule, na nusu ya watoto wangu ni Wasomali. Kanisani kwetu Wakenya wenzangu wakishaanza "hawa Wasomali watatuharibia jina huku," huwa nasimulia basi la El Wak. Kuna mzee mmoja aliniambia, "Wewe hukufiwa, ndiyo maana unaongea hivyo." Nilimjibu kwamba nilifiwa. Sikuongeza kitu, nikatoka nje, nikakaa garini mpaka ibada ikaisha.

Dada wa Pangani, usijihukumu. Mtu akiulizwa ghafla, mwili ndio hujibu.

Fundi Bomba

Mimi langu ni fupi. Kiangazi cha 2025 hapa Birmingham bendera zilitundikwa kwenye nguzo za taa mtaa mzima, ya Uingereza na ile nyeupe yenye msalaba mwekundu. Kijana wangu wa miaka sita anaipenda sana ile yenye msalaba, alikuwa anajichora nayo shavuni kwenye mpira. Akaniuliza, "Baba, kuna mechi?" Nikamwambia ndiyo. Sikuwa na nguvu za kumweleza kwamba safari hii huenda wanatuambia kitu sisi. Na kusema kweli sijui kila aliyetundika alikuwa na nia gani. Jirani yangu ametundika, na ndiye anayetupokelea mizigo tukiwa kazini.

Mtoto wa Uvira

Jambo ndugu zangu. Kiswahili yangu ni ya Kongo, munivumilie.

Nilikaa kambi ya Nyarugusu, Kasulu, kuanzia 1997. Niliingia nikiwa mgongoni mwa mama, nikatoka na mimi nina mtoto mgongoni mwa mke wangu. Kwenye mahojiano ya kwenda Marekani waliuliza mambo mengi, na dini ilikuwemo. Tukajibu sisi Wapentekoste. Tukapewa tarehe ya ndege: 31 Januari 2017.

Mwenye kukaa kambini anajua, ukipata tarehe unagawa vitu. Sufuria tukampa jirani, kuku shemeji. Mlango wa nyumba, mlango wenyewe wa mbao, tukauzia Mrundi mmoja aliyekuwa anajenga. Tarehe 27 rais wa kule akatia sahihi ile amri ya kuzuia watu kuingia. Kambini wakasema hiyo ni ya Waislamu wa nchi saba, Wasomali na Wasiria, sisi Wakristo haitugusi. Mchungaji alisema hivyo madhabahuni. Na mimi nikaitika Amina. Sitaficha.

Safari yetu ikafutwa. Amri ilikuwa imesimamisha wakimbizi wote siku 120, haikuangalia nani anaomba vipi. Tukarudi kwa nyumba isiyo na mlango. Mama alitundika turubai hapo, na ule mfuko mweupe wa IOM, shirika la uhamiaji, wa kutilia makaratasi ya safari akaufunga juu ya kamba, usiguswe na panya. Tulilala hivyo mpaka mwezi wa nane, ndipo tukaitwa tena. Sasa tuko Louisville.

Miezi ya turubai nimeisamehe. Ile Amina yangu ndiyo inaniamsha usiku. Niliona wenzangu wanafungiwa, nikashukuru kwamba mimi ninapita.

Dada yangu mkubwa alibaki Nyarugusu. Naye alipata tarehe, na Januari 2025 wakafunga tena. Nilipiga simu, nikamuuliza mchungaji alisema nini safari hii. Akasema mchungaji alipiga magoti na watu wakalia tu.

Mrangi wa Aarhus

Mimi nitasema tofauti, naomba nisikilizwe mpaka mwisho.

Niko Denmark, Mwislamu wa Kondoa. Tangu 2019 huku ukitaka uraia lazima kwenye hafla umpe mkono mwakilishi wa manispaa, awe mwanamke au mwanamume. Wengi wetu walisema imetungwa kutukomoa, na inawezekana kabisa. Mimi yule mama nilimpa mkono, nikasema ahsante. Mwenye nyumba akisema kwangu tunavua viatu, mgeni anavua. Kwetu Kondoa mtu akija na desturi zake akataka zifuatwe, tungemvumilia? Tuseme ukweli. Na wako ndugu zetu huku wanaowatazama wenyeji kama makafiri wasio na heshima, halafu wanalalamika hawapendwi. Hilo nalo tuliseme.

Kilichoniuma mimi kilitoka upande mwingine. Siku ile nilipopewa uraia hapa, Tanzania ilinihesabu si raia wake tena, maana uraia pacha sisi hatuna. Wakenya mnao tangu katiba ya 2010. Mama yangu alipofariki niliingia nchini kwetu kwa viza. Ofisa pale kaunta, kijana mdogo, aliniuliza kwa Kiingereza madhumuni ya safari. Nikamjibu kwa Kiswahili: nakuja kuzika. Akaniuliza tena kwa Kiingereza nitakaa siku ngapi.

Kwa hiyo mjadala wa nani ni wetu na nani si wetu, msidhani ni wa Wazungu tu.

Mke wa Mngazija

Mrangi, pole kwa mama. Mungu ampe kauli thabiti.

La viatu nakubaliana nawe nusu. Mie viatu nimevua miaka kumi na saba. Mtandio mwanangu anauvua. Ila kila nikivua naambiwa bado. Hapo ndipo pananishinda.

Binti Pangani

Ndugu zangu, nimesoma zote, nyingine nikiwa kwenye basi, na ile ya mlango ilinibidi nishuke kituo kimoja kabla ili nitembee.

Mrangi, sijakukasirikia. Ya kaunta imenisikitisha, na mimi hilo fomu la uraia liko kwenye droo mwaka wa pili sasa, kila nikilishika namwona baba. Ila kwenye viatu nitaongeza kitu. Anayesema "vua viatu" ameshakufungulia mlango. Yule kaka aliniuliza dini yangu huku mama yake ananitegemea mimi apate kumeza. Nilikuwa ndani ya nyumba tayari, tena jikoni kabisa. Na Mtoto wa Uvira, Amina yako na "hapana" yangu naona ni mtu na dada yake.

Yule bibi alifariki majira ya baridi yaliyofuata. Mwanawe simwoni tena, na jibu la pili nililokuwa nimelitunga kichwani, lile la kumtaja baba, halina wa kupewa.

Baada ya kusoma ya Mwalimu nilimpigia baba, jana mchana, akiwa ametoka msikitini. Nikamweleza yote, kitambulisho, swali, "afadhali," kijiko. Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha.

Kisha akauliza: "Na huyo bibi, alimaliza kula?"

Nikamwambia alimaliza.

Akasema alhamdulillahi, akaniuliza kama huku bado kuna baridi.