Mjadala: Darajani pasipo na daraja, tuweke alama au tuache?

Assalaam alaykum wanabarza. Wiki iliyopita nilikuwa Darajani, sokoni hapa Unguja mjini, na mtoto wa kaka yangu, tunanunua madaftari ya skuli. Akaniuliza, "Ami, daraja lenyewe liko wapi?" Nikamwonyesha barabara ya Mkapa, gari zimesongamana, nikamwambia hapo palikuwa maji. Akanitazama tu, hakuamini.

Nami simlaumu, maana hapana hata jiwe la kumwonyesha. Hori la bahari liliingia kwa Funguni likapita hapo hapo hadi Mnazi Mmoja. Huku Mji Mkongwe, kule Ng'ambo, watu wakivuka kwa daraja. Hori likafukiwa kidogo kidogo, daraja likaondoka, yakabaki majina.

Reli ya Bububu yaliikuta hayo hayo. Kampuni ya Kimarekani iliijenga, treni zikaanza kwenda 1905, kiasi cha kilomita 11 kutoka Ngome Kongwe. Serikali ikainunua 1911, na kufika 1922 haichukui tena abiria. Leo unapanda daladala ya 502 mpaka Bububu na hujui kama njia hii watu waliipita kwa treni.

Rai yangu ni kuwekwe vibao viwili, Darajani na Bububu, vya Kiswahili kwanza, vyenye ramani ya hori na ya reli.

Kuna ndugu alisema barzani kwetu: "Reli ya wazungu hiyo, watu mabomba yamekauka, kibao cha nini?" Shida ya maji ni ya kweli, na kwangu pia tunachota kwa ndoo. Lakini treni ile walipanda wazee wetu, waliotoka shamba kwenda mjini na kurudi. Kuiita ya wazungu ni kuwafuta wao.

Na wale mnaosema Bububu imepata jina kwa mlio wa treni, hapo nakataa kabisa. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, aliitaja Bububu katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1886, miaka 19 kabla ya treni hiyo. Kibao kikiandikwa hadithi hiyo, bora kisiwekwe.

Sasa semeni. Na mnaokubali, cha Darajani kikae upande wa mjini au upande wa Ng'ambo? Mimi nasema Ng'ambo, maana wa huko ndio waliokuwa wakilivuka daraja kila siku kwenda kutafuta riziki.