Acheni kugawa orodha za pakeji zilizokufa! (Yocto kwenye Ubuntu 24.04)

Mafundi wa Goma na Bukavu mnaojenga Linux ya vifaa vidogo kwa Yocto, hili limezidi sasa. Mpaka leo watu wanapitisha kwenye flashi orodha ya `apt install` ya enzi za Ubuntu 18.04, wanawaambia vijana "bandika tu". Ndani mna `python` na `libegl1-mesa`, ambazo 24.04 haina. Na apt ikikosa pakeji moja, hata zile nzuri haisakinishi! Kijana haoni, anaendelea, BitBake (programu ya Yocto inayojenga) inamgomea: HOSTTOOLS (zana za kompyuta ya kujengea) hazipo, `chrpath`, `diffstat`, `gawk`. Anaanza kuokoteza moja moja huku mega zinakatika. Chukueni orodha kwenye nyaraka za tawi (toleo la Yocto) lenyewe mnalojenga, basi.

Akivuka hapo anakutana na "User namespaces are not usable by BitBake". Hiyo si pakeji, ni AppArmor (mlinzi wa Ubuntu anayezuia programu) ya 24.04. Tena mnamshauri afute Ubuntu nzima! Amri ni moja:

`sudo sysctl -w kernel.apparmor_restrict_unprivileged_userns=0`

Inapunguza ulinzi, na ukizima mashine inarudi ilivyokuwa. Anayejenga kila siku aiandikie bitbake profaili yake ndani ya `/etc/apparmor.d`.

Kinachoniudhi zaidi ni laya (folda za resipe, yaani maelekezo ya kujenga kila programu) zinazogawiwa bila kutajwa tawi. Laya ya tawi la dunfell (2020) haikai na scarthgap (2024), na BitBake inasema wazi kwamba haziendani. Nyinyi mnafanya nini? Mnafungua `conf/layer.conf`, mnaongeza scarthgap kwenye LAYERSERIES_COMPAT (orodha ya matawi yanayoendana na laya), kelele inanyamaza. Mmeziba mdomo wa mlinzi! Toka honister (2021) `_append` (ya kuongezea thamani) imekuwa `:append`, kwa hiyo resipe za zamani bado zimevunjika. Pitisheni kwanza `scripts/contrib/convert-overrides.py`, kisha msome kilichobadilika.

Na kama mnataka kweli kusaidia watu wanaonunua intaneti kwa mega, gaweni folda ya `downloads` (vyanzo vilivyopakuliwa) nzima, na `git2` yake ndani. Siku mtandao ni mzuri:

`bitbake --runall=fetch core-image-minimal`

Nakilini kwenye disiki ya ext4 (exFAT haishiki symlinki), muelekeze DL_DIR (mahali pa downloads) pale, halafu `BB_NO_NETWORK = "1"` (isiguse mtandao) kwenye `local.conf`. Kikikosekana kitu, kosa litataja resipe yenyewe.

Mwenye downloads kamili ya scarthgap, Goma au Bukavu, aandike hapa chini: tawi, mashine lengwa (MACHINE) na ukubwa wa folda. Orodha za apt msilete.