Mjadala: Kadeti wa shule yetu wafungiwe au wabaki?

Mzazi, Koboko (mwenye mada)

Wapendwa, naleta suala hili hapa kwa sababu siku zimebaki chache. Shule ya bweni anakosoma binti yangu, huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ina kikundi cha kadeti. Wiki iliyopita wazazi tulipokea barua ya bodi kwamba kikundi kitafungwa muhula huu ukiisha. Barua inasema fungu la kumlipa mkufunzi halipo, wazazi kadhaa wamelalamika kuwa watoto wanafanywa askari, na bodi haitaki kesi. Mimi nataka kikundi kibaki. Natafuta wazazi, walimu na wanafunzi wa zamani wa kuniunga mkono kabla ya mkutano wa wazazi na bodi. Wanaopinga nao nawaomba waseme waziwazi hapa, maana mkutanoni hatupati muda wa kusikilizana.

Kwa asiyewajua, ni wanafunzi thelathini na wanne, wasichana na wavulana, kuanzia S.1 (mwaka wa kwanza wa sekondari) hadi S.5. Mkufunzi ni sajenti mstaafu, watoto wanamwita Afande tu. Wanakutana Jumatano jioni na Jumamosi asubuhi. Wanafanya kwata, huduma ya kwanza, kusoma ramani, kuzima moto kwa mchanga na blanketi lililoloweshwa, na ndio wanaosafisha njia ya kwenda kisimani. Bunduki ya kweli hawajawahi kuigusa. Wana bunduki kumi na mbili za mbao alizochonga fundi wa shule, za kubeba kwenye gwaride la Uhuru tarehe 9 Oktoba. Sare ni kaki tupu na skafu ya kijani. Afande mwenyewe alikataa kitu chochote cha mabaka, kwa sababu tangu 2019 serikali ilipoorodhesha sare za jeshi katika gazeti lake rasmi, kofia nyekundu zikiwemo, raia akikutwa nazo ana kesi.

Sasa niwaambie kwa nini nimelivalia njuga jambo hili.

Muhula uliopita, kama saa nane usiku, swichi moja katika bweni la wasichana ilianza kutoa cheche, godoro likashika moto. Matroni alifungua mlango, watoto wakatoka mbio gizani, wengine na kanga, wengine miguu mitupu. Chini ya mwembe msichana mmoja wa S.3, kadeti, akapaza sauti: "Mstari! Hesabu!" Wakahesabu kwa Kiswahili, kama Afande anavyowafundisha: moja, mbili, tatu. Wakaishia sitini na moja. Orodha ya jioni ilikuwa na sitini na wawili. Matroni alisema labda wameruka mtu. Yule msichana hakukubali, akawaamuru waanze upya. Sitini na moja tena. Ndipo walipomrudia mtoto wa S.1 aliyekuwa na malaria, amelala kitanda cha chini kule pembeni, amejifunika gubigubi. Moshi ulikuwa umeshashuka hadi usawa wa kifua cha matroni.

Mtoto yule ni mzima. Binti yangu ndiye anayelala kitanda cha juu yake, na yeye alitoka bila kumkumbuka. Ameniambia hivyo mwenyewe, analia.

Oktoba 2022 shule ya wasioona ya Salama, kule Mukono, iliungua usiku, watu 11 wakafa. Juni 2023 waasi wa ADF walivamia sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, wakaua wanafunzi 37. Halafu tunaambiwa watoto wanaojua kupanga mstari gizani ni anasa ya kukatwa kwenye bajeti?

Na kuna jambo jingine dogo. Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipitisha Kiswahili kiwe somo la lazima msingi na sekondari, lakini wengi tunajua walimu wa kukifundisha hawatoshi. Binti yangu alikuwa akikijua cha sokoni tu. Leo anatoa amri, anaeleza njia, anaandika ripoti ya doria nusu ukurasa. Hakukipata darasani.

Karibuni.

Mwalimu, Lira

Mzee wangu, nimekusoma mara mbili, na yule msichana wa S.3 nampa heshima yake yote. Hata hivyo mimi nasema kikundi kifungwe, na nakuomba unisikilize kama mzazi mwenzako.

Wewe unaziona mbao kumi na mbili. Mimi naona kitu kingine. Nchi hii, tangu vita vya msituni vya 1981 hadi 1986, iliwapa watoto wenye bunduki jina la upole, kadogo, na kwa jina lile tukazoea. Huku kwetu waasi wa LRA hawakutumia hata jina la upole. Usiku wa kuamkia 10 Oktoba 1996, siku ya Uhuru ndiyo kwanza imetoka, walichukua wasichana 139 katika chuo cha St. Mary's, Aboke. Sista Rachele Fassera aliwafuata porini akiwa na mwalimu mmoja tu, akarudi na 109. Thelathini walibaki mikononi mwa waasi, na baadhi hawakurudi tena. Sista yule hakujua kwata. Alijua majina ya wasichana wake.

Nimewahi kumfundisha mvulana aliyetoka msituni. Siku skauti walipopita uwanjani wakiimba na fimbo mabegani, alilala kifudifudi kati ya madawati, akabaki hapo mpaka kengele ya chakula. Katika hao thelathini na wanne wa kwenu, una hakika hakuna hata mmoja ambaye baba yake, au mama yake, alipita huko? West Nile nako kulikuwa na waasi wake.

Kuhesabu watoto ni kazi ya watu wazima. Kama matroni hajui kuhesabu, afundishwe matroni.

Mfanyabiashara, Bwera

Mwenye mada, ninakuunga mkono kuhusu moto. Lakini Mpondwe iondoe.

Mimi niko kilomita chache kutoka pale. Waliokuja usiku ule walikuja na bunduki, mapanga na moto. Wavulana walijifungia bwenini kwao, wakachomewa humo. Kichwamba, 8 Juni 1998, ilikuwa hivyohivyo, wanafunzi 80 waliteketea katika mabweni ya chuo cha ufundi. Watoto wale hawakukosa nidhamu, na hakuna kadeti wa S.3 ambaye angewazuia ADF. Kuzuia waasi ni kazi ya jeshi la kweli lenye mishahara. Ukiileta Mpondwe kwenye mkutano wa wazazi utawafanya watu waamini kwamba watoto wetu walikufa kwa kukosa kwata. Sikubali, na wazazi wa huku hawatakubali.

Mhasibu wa shule, Jinja

Nizungumzie fungu. Wengi hamjui shule inavyoishi katikati ya muhula. Nusu ya karo haijaingia, muuza maharage anadai, fundi wa umeme anadai, na huyo fundi ndiye angezuia ile swichi isitoe cheche. Mkufunzi wa nje analipwa lini? Akipata laki mbili kwa mwezi, kwa muhula wa miezi mitatu ni laki sita. Zigawe kwa kadeti thelathini na wanne, kila mmoja ni kama elfu kumi na nane kwa muhula. Si fedha ya kutisha, ila lazima iwe na mwenyewe. Mkienda mkutanoni bila jibu la hapo, bodi itawashinda kabla hamjafika kwenye suala la uaskari.

Kadeti wa zamani, Arua

Nilikuwa kwenye kikundi hicho anachokisema mzee. Sasa nasomea unesi.

Nawaomba wakubwa zangu mnisikie na mimi. Nilipoingia S.1 nilikuwa siwezi kusimama mbele ya watu kumi. Afande alinipa kazi ya kutangaza zamu za usafi kila Jumamosi. Wiki ya kwanza nilitangaza huku nikitazama viatu vyangu. Hakunigombeza. Alisema, "Tazama kofia ya yule wa mwisho, halafu sema kwa ajili yake." Mpaka leo nikipokezana zamu wodini natazama kofia ya nesi aliye mbali zaidi.

Mwalimu wa Lira, shikamoo. Umesema kuhesabu ni kazi ya watu wazima. Bweni letu lilikuwa na matroni mmoja kwa wasichana zaidi ya sitini. Mtu mzima akiwa mmoja, na yeye ndiye anamwaga maji, nani ahesabu?

Kuhusu mbao, sikuwahi kuzipenda. Zilikuwa nzito na zilitoa malengelenge. Tulizibeba kwa sababu wageni wa heshima walipenda kuziona.

Mstaafu, Bombo

Mimi nimevaa sare miaka mingi na nimezaliwa kambini, Kiswahili nimekinyonya. Nasema kikundi kibaki, lakini kwa masharti magumu.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini tulikuwa na mchaka mchaka, mafunzo ya kijeshi na siasa kwa raia. Chuo cha siasa cha Kyankwanzi walipita walimu, wakulima, vijana waliotoka S.6. Wengi walifundishwa kufungua bunduki na kuifunga, na pamoja na hiyo walifundishwa siasa. Wapo walioipenda na wapo waliotoka hapo na uchungu, maana hawakujua kama wanafundishwa kulinda nchi au kulinda chama. Basi swali langu kwa mzazi wa Koboko si bunduki za mbao. Afande anasema nini watoto wakiwa wamekaa chini ya mti? Nani anamsikiliza?

Kuna watakaokuletea ibara ya 17 ya Katiba ya 1995, kwamba ni wajibu wa raia mwenye uwezo kupata mafunzo ya kijeshi akiitwa. Ni kweli imeandikwa. Usiitumie. Haimhusu mtoto wa S.1, na sheria ya UPDF, yaani jeshi letu, ya 2005 haimruhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kuandikishwa jeshini. Mkianza kusema kadeti ni hatua ya kwanza ya jeshi, mmewapa wapinzani wenu ushindi.

Mwanafunzi wa chuo kikuu, Kampala

Naongeza mfano wa mbali, kwa sababu kuna watu walishapita njia hii. Marekani wana kadeti wa sekondari wanaoitwa JROTC, walioanzishwa na sheria ya ulinzi ya 1916. Wakufunzi wengi ni askari wastaafu, wameajiriwa na shule, na jeshi huchangia mshahara. Mjini San Francisco, Novemba 2006, bodi ya shule ilipiga kura kuuondoa mpango huo taratibu, wajumbe wakisema jeshi halina nafasi darasani. Wanafunzi wenyewe walijaa kwenye vikao vya bodi. Mwaka 2008 suala likafika kwenye sanduku la kura la mji, wengi wakataka ubaki, ingawa kura ile haikuilazimisha bodi kitu. Mei 2009 bodi ikaurudisha.

Lakini huko huko kuna onyo. Chicago ilikuja kuonekana kwamba katika baadhi ya shule watoto wa mwaka wa kwanza walikuwa wakiingizwa moja kwa moja bila kuchagua, hasa katika shule za watu wenye kipato kidogo. Kwa hiyo mzee, swali: pale kwenu mtoto anaingia vipi, na anatoka vipi?

Mzazi, Koboko (mwenye mada)

Nimekaa na maneno yenu siku mbili. Najibu kwa namna yalivyonichoma.

Ndugu wa Bwera, nimeiondoa Mpondwe. Niliandika kwa hasira na sikufikiria nani atasoma. Nakuomba radhi, na kupitia kwako nawaomba radhi wazazi wa huko.

Mstaafu wa Bombo, swali lako lilinitoa kitini. Jumamosi nilikwenda shuleni nikakaa chini ya mti pamoja nao. Afande alifundisha kufunga mfupa uliovunjika kwa vipande viwili vya mwanzi na kitenge. Hakugusa siasa. Lakini ni kweli kwamba kabla ya siku hiyo hakuna mzazi aliyewahi kukaa pale, na hilo ni kosa letu sisi wazazi. Tutapanga zamu, mzazi mmoja na mwalimu mmoja kila kipindi.

Mwanafunzi wa Kampala, nimeuliza. Mtoto anaingia kwa kuomba mwenyewe, lakini barua ya mzazi haitakiwi, na kutoka ni mpaka Afande akubali. Hilo halifai. Kutoka kuwe kwa neno moja la mtoto, bila kuulizwa sababu.

Mhasibu, tumepata wazazi kumi na tisa waliokubali kuchangia elfu ishirini na tano kwa muhula. Hazitoshi bado. Afande amesema yuko tayari kuanza na nusu, mimi sitaki aanze na nusu.

Mwalimu wa Lira, wewe umeninyima usingizi. Nilimwuliza binti yangu kama kuna mtoto kikundini anayeshtuka. Akanitajia wawili bila kufikiri. Mmoja huwa anaomba kazi ya kuteka maji kila wanaposhika zile bunduki. Sikujua. Afande alijua, na ndiye aliyempa ndoo.

Nilimwambia Afande kwamba bunduki za mbao lazima ziondoke. Hakufurahi. Alinyamaza muda, akasema bila hizo gwaride la Uhuru litaonekana la watoto. Nikamjibu kwamba ni la watoto. Hajanipa jibu bado.

Mkutano ni Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, kwenye bwalo la chakula. Nina rasimu ya kurasa mbili ya kupeleka kwa bodi: barua ya mzazi, mtoto kutoka anapotaka, zamu za kusikiliza, fedha, na kwamba shule ndiyo yenye kikundi. Wazazi wa shule yetu, njooni msaini hata kama mnaunga mkono nusu tu, mwandike hiyo nusu.

Mwalimu, Lira

Nitumie rasimu nami niisome. Bado sijakuunga mkono. Lakini suala la bunduki usiliache mwishoni, liandike la kwanza, na la pili liwe matroni wa ziada. Na huyo mtoto wa ndoo, mtu azungumze naye kabla ya Jumamosi, asiwe Afande.