Naomba ushauri: nishushe injini ya GX100 au nibadilishe sili tu?

Wakuu, habari za majukumu. Nina gari, Toyota Mark II GX100, niliyoinunua mkononi miaka tisa iliyopita, na sasa nimefika njia panda.

Kabla yake nilikuwa na Corolla AE100. Injini ya 5A, lita 1.5, mafuta kidogo, spea kila duka. Ilinibebea wagonjwa, maharusi na magunia ya vitunguu toka Ilula, na mlima Kitonga iliupanda bila kuchemsha. Niliiuza kwa uchungu. Ikaja Escudo, nikakaa nayo mwaka mmoja. Nzuri porini, ila mimi ni mtu wa lami.

GX100 ndiyo iliyoniteka. Silinda sita kwenye mstari mmoja, lita 2, inasukuma matairi ya nyuma. Kwenye foleni mke wangu huuliza kama imezima.

Sasa asubuhi nikiwasha inatoa moshi wa bluu kama nusu dakika, kisha unakata. Oili inapungua karibu lita moja kila kilomita 1,500. Haichemshi na nguvu ipo. Fundi mmoja anasema ni ringi za pistoni, tushushe injini. Mwingine anasema sili za vavu, vile vimpira vinavyozuia oili isipenye kwenye silinda. Wa tatu anataka tuweke injini nyingine, 1JZ ya lita 2.5.

Mimi naegemea kwenye sili, maana nikikanyaga barabarani sioni moshi. Je, nianze kwa kupima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda)? Na mliofunga 1JZ, Dar hadi Iringa inakula lita ngapi? Kuiuza sitaki kabisa.